Funga akaunti zako ukijua kabisa simu itapotea: mwongozo kamili wa paswedi na namba za sekunde 30

Nina steshenari ndogo maeneo ya Ng'ong'ona, Dodoma, huku upande wa UDOM (chuo kikuu), kazi zangu ni kuprinti, kutoa kopi, kujazia watu fomu za mkopo na za Ajira Portal. Kila dirisha la maombi likikaribia kufungwa kuna sentensi moja naisikia mpaka usiku naiota: "kaka akaunti inagoma, paswedi nimesahau, afu ile laini sinayo tena." Mtu kaja na bahasha ya vyeti, vumbi limemjaa mpaka kwenye kope, zimebaki saa nne dirisha lifungwe, na namba ya kuthibitisha inatumwa kwenye laini aliyoitupa tangu yuko form six.

Wakati naichukua hii fremu nilikuta kaunta buku la kijana aliyekuwepo kabla yangu, yani kurasa kwa kurasa ni majina ya watu, imeli zao na paswedi zao, maana yeye ndo alikuwa anawafungulia. Nusu ya paswedi zilikuwa jina la mtu, ile alama ya @, na mwaka. Nililichoma siku hiyohiyo nyuma ya choo, lakini si lilishakaa juu ya meza muda wote huo, nani anajua walipekua wangapi.

Basi mimi nikajiona mjanja. 2023 nikaweka apu ya namba (ile inayotoa namba 6 za kuingilia, nitaieleza mbele) kwenye kila akaunti niliyonayo, bila bekapu hata moja, na wiki tatu baadae simu ikanitoka mfuko wa shati ikaingia kwenye ndoo ya maji nikiwa nainama kuchota, ikafa mazima. Gmail niliirudisha kwa taabu. Ukurasa wa kuuzia zabibu za shangazi wa Hombolo haukurudi mpaka leo. Hakuna mwizi aliyeniibia, nilifunga mlango mwenyewe ufunguo ukabaki ndani. Ndo maana mwongozo huu unaanza na simu iliyopotea, tofauti na wengi wanaoiweka mwishoni.

Kabla hujaanza

Tafuta karatasi mbili, kalamu ya wino, saa moja na nusu ambayo hakuna anayekusumbua, chaji ya kutosha (umeme ukikatika katikati ya hili zoezi utajuta) na bando la kawaida tu. Fanyia kwenye simu yako mwenyewe. Sio kwenye kompyuta ya steshenari, na nasema hivyo nikiwa mwenye steshenari.

Laini kwanza

Watu wanaogopa sana mtu kurudisha laini yako kwa wakala, na kweli inatokea, ila kinachotokea mara nyingi zaidi ni kitu cha kijinga tu: mwizi anachomoa laini kwenye simu yako iliyofungwa, anaiweka kwenye kitochi, anabonyeza "nimesahau paswedi" kwenye akaunti zako na meseji zote zinaingia kwake. Hahitaji hata kujua pini ya simu yako.

Kwahiyo weka pini ya laini. Kwenye setingi za simu tafuta sehemu ya usalama, utaona SIM lock, iwashe, itakuomba ile pini iliyokuja na laini (angalia kile kikadi ulichobandulia laini), afu ibadilishe uweke yako. Angalizo, ukikosea mara 3 itadai PUK (namba ya kufungulia laini iliyojifunga), na PUK nayo ipo kwenye kikadi hichohicho, kwahiyo andika zote mbili kwenye karatasi yako kabla hujagusa chochote. Kama kikadi hakipo usibahatishe, nenda dukani kwa mtandao wako na kitambulisho wakupe.

Ukimaliza piga *106# uangalie laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Kuna wale vijana wa kusajili barabarani wanakwambia "kidole hakijasoma dada, weka tena", unaweka mara ya pili, kumbe ya pili ni laini nyingine kabisa kwa jina lako. Ukiona namba usiyoijua nenda dukani ikafutwe. Na zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" zifowadi 15040, bure.

Apu ya kutunzia paswedi

Wazo lenyewe ni jepesi. Kabati moja limefungwa kwa ufunguo mmoja mkubwa unaoujua wewe tu, ndani kuna paswedi 50 ambazo hata wewe mwenyewe huzijui. Ukitaka kuingia sehemu, apu inajaza.

Kwa mtu wa kawaida naelekeza Bitwarden. Ya bure haikuwekei kikomo cha paswedi wala idadi ya vifaa, na ikitokea simu imepotea unaingia kwenye nyingine unakuta kila kitu. Mimi binafsi naipenda zaidi KeePassDX, ni faili tu linakaa kwenye simu yako, hakuna kampuni katikati, ila kama huna tabia ya kukopi faili kwenye flashi kila mwezi usiiguse, utalia. Ile ya Google iliyopo tayari kwenye Chrome sio mbaya, ni bora mara mia kuliko kaunta buku, shida ni kwamba akaunti ya Google ikienda imeenda na zote.

Sasa ufunguo mkubwa, hapa naomba tusikimbie. Usitunge mwenyewe. Ukitunga utaweka jina la mtoto na mwaka, au mstari wa nyimbo ya kwaya, wote tuko hivyo. Chukua kamusi ya Kiswahili, funga macho, fungua popote, weka kidole, andika neno lililopo chini ya kidole. Rudia mpaka yafike 5. Mdada mmoja tulifanya nae hapa ofisini akapata maneno kama haya: kitasa, mvungu, nyanyua, shubiri, dafina. Akacheka akasema sasa hii nitaikumbukaje, nikamwambia tengeneza kituko, mtu ananyanyua kitasa chini ya mvungu anakuta shubiri juu ya dafina. Kesho yake alikuja kuprinti akaniambia bado anayo kichwani, nikamwambia basi ibadilishe maana umeshanionyesha mimi.

Kwanini maneno 5? Hata ukitumia orodha ya maneno 7,776 tu, maneno 5 ya kubahatisha yanatoa michanganyiko zaidi ya bilioni bilioni 28. Pini ya namba 6 ni milioni moja tu. Na hii sio hesabu ya kujifurahisha, 2022 LastPass, kampuni nyingine ya apu ya kutunzia paswedi, waliibiwa nakala za makabati ya wateja wao, yamefungwa ndio, lakini mwizi akishakuwa na kabati nyumbani kwake anajaribu funguo usiku na mchana hakuna wa kumzuia, na wanaoumia kwanza ni wenye funguo fupi.

Utaratibu sasa. Pakua Bitwarden, angalia mtengenezaji ameandikwa Bitwarden Inc., fungua akaunti kwa imeli yako, weka yale maneno 5, yaandike kwenye karatasi hapohapo. Kampuni haiwezi kukurudishia ukiyasahau, hawayajui. Afu toka kwenye apu na uingie tena mara tatu nne kwa mkono ili vidole vizoee, ndo baadae uwashe alama ya kidole.

Paswedi za zamani zilizoko Chrome unaweza kuzihamisha kwa faili, ila lile faili ni maandishi matupu, yeyote akilifungua anasoma zote. Hamisha, hakikisha zimeingia, lifute, na kwenye kapu la taka ulifute tena. Usilitume WhatsApp hata kwa bahati mbaya. Usibadilishe paswedi zote siku moja pia, utachoka utaacha njiani. Anza na imeli, afu yenye hela, afu ya kazi au chuo, nyingine badilisha kila unapoingia. Ruhusu apu ikutungie yenyewe, herufi 16 kwenda juu, isipokuwa ya imeli, hiyo inabidi uweze kuikariri, sababu utaiona mbele.

Na yale maswali ya "shule yako ya msingi ni ipi", jamani, nusu ya Chamwino wanajua umesoma wapi. Weka jibu la uongo lolote na ulitunze humohumo kwenye apu.

Kuna faida moja hawaisemi sana. Apu inajaza paswedi kwenye anwani ileile tu uliyoitunza. Ukitumiwa linki ya ajira kwenye grupu, ukurasa umefanana kila kitu mpaka nembo ya bibi na bwana, lakini anwani sio portal.ajira.go.tz, apu inakaa kimya tu haijazi. Macho yako yatadanganyika, yenyewe hapana. Ikikataa kujaza usilazimishe kwa mkono, soma anwani kwanza.

Namba za sekunde 30

Hata paswedi nzuri inaweza kuibiwa, kwahiyo tunaweka mlango wa pili. Apu ya namba inakupa namba 6 zinazobadilika kila sekunde 30, ukiingia sehemu unaombwa paswedi na hizo namba. Haitumii laini, haitumii bando, unaweza kuwa Kondoa vijijini huko hakuna mtandao na bado zinatoka. Inavyofanya kazi: siku ya kwanza tovuti na simu yako vinagawana mbegu moja ya siri, baada ya hapo kila upande unachukua ile mbegu na saa ya wakati huo unakokotoa, majibu yanalingana. Utaratibu wenyewe ulichapishwa 2011 na uko wazi kwa yeyote, ndo maana apu yoyote inakubali karibu akaunti yoyote, sio lazima Google kwa Google.

Kumbuka hilo neno saa. Mzee mmoja mtumishi wa kule Mtumba alikuja analalamika kila namba anayoingiza inakataliwa, tumefuta, tumerudia, jasho linamtoka. Baadae nikaangalia setingi za saa. Simu aliletewa kutoka Dubai, kanda ya saa imebaki ya Dubai, na yeye kwa sababu aliona imezidi saa moja akairudisha nyuma kwa mkono ili ifanane na ya ukutani. Kwa macho saa ilikuwa sahihi kabisa, kwa hesabu ya ndani ilikuwa nyuma saa nzima. Tukawasha saa ya kujiseti yenyewe na kanda ya Afrika Mashariki, namba ya kwanza ikakubali. Akasema "kijana, siku nzima kwa ajili ya saa?" Ndio mzee.

Apu gani? Android, Aegis ni nzuri sana, ya bure, inafungwa kwa paswedi na inatoa faili la bekapu. Mwenye iPhone au anayetaka namba zifike na kwenye kompyuta achukue Ente Auth. Google Authenticator nayo sawa, tangu 2023 inaweza kutunza namba zako kwenye akaunti ya Google, ila usitegemee hiyo peke yake kufungulia Gmail yenyewe, ule ni ufunguo ndani ya nyumba uliyofungiwa. Kuwa makini na Play Store, kuna apu kibao zimefanana majina zinataka ulipie kila wiki. Kukupa namba 6 hakuna mtu anapaswa kukutoza.

Tufanye Gmail pamoja, kwa mwenye simu moja tu maana wengi ndo hivyo. Fungua setingi za akaunti ya Google, nenda sehemu ya Security, afu 2-Step Verification, afu Authenticator. Itakuletea kile kimraba cha kuskani, na hapo ndo wengi wanakwama, utaskanije skrini ya simu kwa simu ileile? Watu wanapiga skrinshoti, wanatuma kwa rafiki, anafungua kwake, wanaskani. Usifanye hivyo, umeshagawa mbegu. Chini ya kimraba pameandikwa Can't scan it, bonyeza, utapata herufi 32 zimegawanywa nne nne. Hiyo ndo mbegu yenyewe. Iandike kwenye karatasi, herufi kwa herufi, nafasi za katikati hazina shida. Afu fungua Aegis, ongeza akaunti kwa kuandika, ingiza zile herufi, namba 6 zitatokea, rudi Google uziandike. Imeisha.

Kwanini kuandika kwenye karatasi na sio kupesti tu? Kwa sababu ukiziingiza kutoka kwenye karatasi na namba ikakubali, umeshathibitisha karatasi haina kosa. Simu ikifa kesho, simu yoyote ya elfu 80 ukiiwekea Aegis na herufi zilezile itatoa namba zilezile. Mimi hili ningelijua 2023.

Bado kidogo. Palepale kuna Backup codes, Google inakupa namba 10, kila moja ina tarakimu 8 na inatumika mara moja tu. Ziandike. Ukishakuwa nazo kwenye karatasi, toa njia ya meseji kwenye hatua ya pili, ukiiacha ni sawa na kuweka mlango wa chuma pembeni ya dirisha lisilo na nondo. Angalia pia namba na imeli ya kurudishia akaunti, kama ni laini uliyotupa ibadilishe leo, laini isiyotumika muda mrefu mtandao unamuuzia mtu mwingine.

Baada ya Gmail rudia kwenye Bitwarden yenyewe (nayo inakupa namba yake ya uokoaji, karatasi), Facebook, Instagram, na akaunti ya kazi kama inaruhusu. Hapa kuna mtego. Bitwarden, kama hujaiwekea hatua ya pili, ukiingia kwenye kifaa kipya inakutumia namba kwenye imeli. Sasa kama paswedi ya imeli iko ndani ya Bitwarden umebaki unazunguka mzunguko kama mnada wa Msalato. Kwahiyo vitu vya kukaa kichwani ni vitatu: pini ya simu, maneno 5 na paswedi ya imeli. Basi.

Menyu za *150 za kutuma hela hazihusiki na haya, zile ni pini yako tu, ila isiwe mwaka wa kuzaliwa na isifanane na pini ya simu.

WhatsApp

Hii haina apu ya namba, ina pini yake. Setingi, Account, Two-step verification, weka namba 6 na imeli. Mtu akipata meseji yako ya kusajili bado atadaiwa hiyo pini, asipokuwa nayo asubiri siku 7, na wewe ndani ya muda huo unasajili upya unamtoa. Anayekupigia "samahani dada kuna namba nimeituma kwako kimakosa, nisomee" sio samahani yoyote, kata simu.

Afu angalia Linked devices. Kila siku jioni nikifunga ofisi nakuta WhatsApp za watu ziko wazi kwenye kompyuta, kaja kuprinti faili moja kaondoka, meseji za mchumba zinaingia mbele yangu. Mimi nawatoa. Wa ofisi nyingine simjui.

Karatasi ikae wapi

Ya kwanza kaa nayo ndani, kwenye bahasha ya vyeti, sio kwenye pochi na sio nyuma ya kava la simu (nimeona). Ya pili mpelekee mtu unayemwamini anayeishi mbali na wewe, mama au dada, geto likiungua ya kwake ibaki. Maneno 5 yasikae karatasi moja na mbegu, yawe na kipande chake peke yake. Mimi maneno yapo kwa mama Mvumi, mbegu ziko kwa dada mjini, na mama nilimwambia tu "mama hii ni kama hati ya shamba", akaiweka kwenye sanduku la vitenge. Kule haifiki hata panya.

Kupiga picha ile karatasi ni kuharibu kazi yote, picha inapanda kwenye Google Photos yenyewe hata hujui.

Jaribio, na siku ya simu mpya

Wiki ijayo siku ukiwa na nafasi azima simu ya mtu wa nyumbani, fungua dirisha la faragha la brauza, zima yako, na ujaribu kuingia Gmail kwa kutumia karatasi na kichwa tu. Kama umeingia uko vizuri, futa hiyo namba ya bekapu uliyotumia na ulogauti. Kama umekwama ni heri umekwama leo simu ipo.

Siku simu imepotea kweli mpangilio ni huu: piga mtandao kwa simu ya yeyote wafunge laini, afu ingia Google kwa namba ya bekapu uondoe ile simu kwenye vifaa, afu rudisha laini, ndo ufuate WhatsApp na mengine. Watu wanaanza na kutangaza status "nimepoteza simu msitume hela", hiyo nayo muhimu ila ije baada ya laini kufungwa.

Ukinunua mpya kwa amani, sakinisha Aegis, ingiza faili la bekapu au mbegu, afu ziweke simu mbili pembeni pembeni uangalie namba kama zinafanana kwa kila akaunti. Ingia kwenye akaunti tatu kwa kutumia ile mpya. Yule muuza simu wa Majengo atakuharakisha umpe ya zamani aifomati umuongezee hela ya juu, mwambie asubiri, mnunulie hata soda.